Mapumziko ya Mama wa Nyumba Baada ya Ramadhani na Idi

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha Ramadhani na akatutoa katika Ramadhani tukiwa hai, na twamuombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad, yeye na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya haya: tumeletewa barua na ndugu yetu mmoja akaaye Tunduma, katika mkoa wa Songwe, na kwa kuwa aliyoyauliza yawahusu waume wengi wa Kiislamu, tumeona ni kheri kuyajibu katika kijitabu kuliko kumjibu yeye peke yake. Jina lake hatulitaji, wala yeye mwenyewe hakupenda litajwe.

Wasomaji wetu wa Mombasa na Unguja ambao hawajafika huko wajue yakuwa Tunduma ni mji wa mpakani, na ng'ambo yake ni Nakonde, katika nchi ya Zambia. Njia kuu itokayo Dar es Salaam yafika hapo baada ya mwendo wa kilomita zaidi ya 900, kisha yaendelea Zambia mpaka Kongo. Na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, nayo yapita hapo. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulikatwa katika Mbeya mwaka 2016, na makao yake ni Vwawa. Wenyeji ni Wanyamwanga na Wanyiha, na aghalabu ya watu si Waislamu. Nchi ni ya juu, yenye baridi, na ardhi yake yazaa mahindi na kahawa. Lakini kwa sababu ya mpaka, watu wa pwani hawakosekani huko: wenye maduka, mawakala wa forodha, na khasa madereva wa malori ya mizigo, ambao hukaa katika foleni wakingoja kupita, na ijapokuwa mwaka 2019 serikali mbili zilifungua kituo cha pamoja ili kupunguza taabu ile, foleni hazikukoma.

Ndugu yetu asema kuwa yeye ni mtu wa Tanga, ana duka, na amekaa huko miaka kumi na moja pamoja na mke wake na watoto wanne. Kila Ramadhani nyumba yake ndiyo nyumba ya futari ya watu wa pwani walio njiani. Madereva humjua, hupigiana simu, na jioni huja kumi, pengine kumi na watano. Siku ya Idi walikula kwake watu zaidi ya thelathini. Yote hayo yalipikwa na mke wake juu ya majiko mawili ya mkaa, katika nyua la nyuma, katika mvua za mwisho wa masika ya huko, na maji yakinunuliwa kwa madumu, kwani mji ule kwa miaka mingi umejulikana kwa shida ya maji. Na watu wa pwani, twajijua wenyewe, hatukubali futari isiyo nazi hata tukiwa juu ya milima. Basi nazi zilipandishwa kwa malori, zikakunwa, zikakamuliwa, kila siku kwa siku thelathini. Siku ya tatu ya Idi mke yule akamwambia mumewe yakuwa mgongo wake wamuuma na magoti hayamnyanyui, naye ataka kwenda kwa mamaake Tanga akapumzike siku kumi, tena kakaake arudi Tanga juma lile na aweza kufuatana naye. Mume akamjibu kuwa mke hana likizo. Mke akanyamaza, akaingia chumbani, na tangu siku ile apika chakula cha watoto na chake mume tu, wala hapiki cha wageni.

Maswali yake ni haya. Je, mke ana haki kuomba jambo lile? Je, kwa kukataa kupikia wageni amekuwa nashiza, mwenye kumuasi mumewe? Na je, yafaa kumpunguzia matumizi mpaka arejee katika hali yake ya kwanza? Tena ameongeza kwamba rafiki yake mmoja amemwambia amkumbushe mkewe subira ya Bibi Fatma.

Twasema, na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu: ndugu yetu amechanganya mambo mawili ambayo fuqahaa wameyatenga. La kwanza ni ruhusa ya kutoka na kusafiri, na hii iko mkononi mwa mume. La pili ni kazi ya jikoni, na hii, katika madh-hebu yetu ya Imamu Shafii, haimo mkononi mwake kabisa. Kwa kuwa ana amri katika la kwanza amedhani ana amri katika la pili, na wengi wetu twadhani kama yeye.

Hebu na tulitazame neno letu wenyewe. Waswahili twasema "nafaka" tukikusudia mahindi, mpunga, mtama na mfano wake, na Tunduma ni mji wa nafaka, magunia yake huvuka mpaka kila siku. Lakini asili ya neno ni Kiarabu, nalo ni matumizi ampasayo mume kumpa mke. Sisi tumelipunguza mpaka likabaki gunia. Yaonyesha kama kwamba mume akishatua gunia mlangoni basi amekwisha, na yaliyobakia, kutwanga, kupeta, kusaga, kukanda, kuwasha moto, kupakua na kuosha vyombo, hayana jina katika hesabu. Fuqahaa hawakusema hivyo. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, sawa na 1277, ameeleza katika Minhaji, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisoma na kukisomesha, yakuwa mume tajiri atatoa vibaba viwili kwa siku, maskini kimoja, na wa katikati kimoja na nusu. Kisha juu ya nafaka hiyo, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, ni juu yake pia gharama ya kuisaga na kuioka. Akiwa mke ni katika wanawake ambao kwa wazee wao walikuwa wakitumikiwa, basi ni juu yake kumpatia mtumishi. Na wanavyuoni wa madh-hebu haya wamesema wazi yakuwa ndoa haikufungwa kwa ajili ya kupika na kufua, na mke asipopika haitwi nashiza.

Basi suali la pili limekwisha jibiwa kabla ya la kwanza. Mke yule si nashiza. Yuko nyumbani kwa mumewe, hakumnyima haki yake ya ndoa, na bado apika chakula cha mume wala hakulazimishwa. Aliloliacha ni kuwapikia wageni, na hilo hakuna hata madh-hebu moja tuijuayo iliyolifanya deni juu ya mke.

Wala hatufichi kwamba wanavyuoni hawakuafikiana wote katika khidma ya nyumba yenyewe. Wako Mahanafi wasemao kuwa ni wajibu wake baina yake na Mola wake, ila kadhi hamlazimishi. Malik na wafuasi wake wametazama daraja ya mke na ya mume. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim wameshika kauli ya kuwa ni wajibu kwa kadiri ya ada ya watu. Mtu akitaka kufuata kauli hiyo hatumzuii, lakini na aishike yote, kwani "kwa kadiri ya ada" ni maneno yenye uzito, na hapa ndipo penye shina la mas'ala yetu.

Maana mume wa pwani atasema: mimi sikuja na fiqhi mpya, mimi nafuata ada. Mamaangu alipika, bibi yangu alipika, na mke wangu alipoolewa alijua atapika. Na katika kanuni za fiqhi ada huhukumu, na lijulikanalo kwa watu ni kama lililoshurutishwa. Hoja hii ina nguvu, wala hatuidharau. Lakini twamuuliza: ada ipi? Ada ya pwani haikuwa mwanamke mmoja na majiko mawili nyuma ya nyumba katika mji asiokuwa na jamaa. Ada ya pwani ilikuwa mwanamke katika mtaa. Mamaake yu nyumba ya tatu, dadaake ng'ambo ya uchochoro, shoga yake mlango wa pili. Ramadhani mmoja hukuna nazi huku mwingine achambua mchele, na sahani za futari hupita baina ya nyumba hata hujui ni nani aliyepika nini. Akizaa, hurejea kwa mamaake mpaka arubaini. Akichoka, hujifanya ana khabari ya kupeleka kwa shangazi, akaenda akalala huko hata alasiri, na hakuna amuulizaye. Hiyo nayo ni ada, na ndiyo iliyoifanya ile kazi ichukulike. Mume aliyemtoa mkewe Tanga akamweka Tunduma amechukua nusu ya ada, nusu imfaayo yeye, akaiacha ile nusu nyingine kwenye kituo cha basi. Akitaka ada ihukumu, na aihukumishe nzima: ama amrejeshee mkewe mtaa wake, ama ajaze yeye nafasi ya mtaa.

Na liko jambo jingine katika ada yetu ambalo hatupendi kulitaja, nalo yapasa kutajwa. Wazee wetu wa miji ya pwani walipokuwa na wake waliotulia, waliokaa wakasoma na wakashona kofia, utulivu ule ulikuwa na mwenye kuulipia. Alikuwa mjakazi. Yeye ndiye aliyetwanga usiku wa daku, na siku ya Idi ilipoingia, kwake ilikuwa ni siku ya kazi nyingi zaidi ya siku nyingine. Hali ya utumwa iliondolewa katika sheria Unguja mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922, na kwa kuondoka dhulma ile twamshukuru Mungu. Lakini tazama lililofuata. Mikono iliondoka, kazi ikabaki. Hapana mume aliyekaa na mwenziwe akauliza: sasa kazi hii ni ya nani? Iliteremka yenyewe juu ya mke, kimya kimya. Na baada ya vizazi viwili mjukuu akaiona ni ada ya tangu na tangu, na kama mke akiiacha siku moja yuasema ameasi. Ile haki ya kutumikiwa iliyo katika vitabu haikufutwa na mwanachuoni yeyote. Ilisahauliwa tu, kwa kuwa kuikumbuka kungetutaka sisi wenyewe tukunje mikono ya kanzu.

Ama khabari ya Bibi Fatma, rafiki yake ndugu yetu ameitaja kwa nusu. Ni kweli, imepokewa katika Bukhari na Muslim, yakuwa Bibi Fatma alidhurika mikono kwa jiwe la kusagia, akaenda kwa babaake kuomba mtumishi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akaja kwao usiku wakiwa wamekwisha lala, akawafundisha tasbihi na tahmidi mara thelathini na tatu na takbiri mara thelathini na nne, akawaambia kuwa hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Lakini ni nani aliyekuwa akiyasimulia mashaka yale? Ni Sayyidna Ali mwenyewe, mumewe. Yeye aliiona mikono ya mkewe. Wala katika hadithi hiyo Mtume hakumwambia binti yake kuwa kuomba kupumzishwa ni aibu, wala hakumwambia Ali kuwa mke hana likizo. Na wote wawili walifundishwa dhikri ile, si mke peke yake. Sayyidna Ali asema hakuiacha maisha yake, hata usiku wa Siffin. Basi mume atakaye kumsomea mkewe subira ya Bibi Fatma na aanze yeye kwa macho ya Sayyidna Ali.

Tena iko khabari ya Bibi Asma binti Abubakar, aliyekuwa akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mumewe Zubeir, mwendo mrefu, kwa ajili ya farasi wake. Mtume alimkuta njiani akamsimamishia ngamia apande, naye akaona haya. Zubeir aliposikia alisema kuwa kule kubeba kwake kokwa kulimwia kuzito zaidi kuliko lau angepanda. Kisha babaake, Sayyidna Abubakar, akampelekea mtumishi wa kumtazamia yule farasi, na Asma amesema ilikuwa kama kwamba amemkomboa. Wako walioitumia hadithi hii kuthibitisha kazi ya mke. Sisi twaona ya kuwa watu watatu waliomo ndani yake, Mtume na mume na baba, kila mmoja alipouona mzigo alitafuta njia ya kuupunguza.

Na sasa na tuseme juu ya ukarimu wa ndugu yetu, kwani twaamini kwa yakini ni mtu karimu, na madereva wale wamuombea dua kila wafikapo Kapiri Mposhi na Lubumbashi. Kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu iliyo mashuhuri. Lakini ukarimu una mali yake, na mali ya karamu si mchele na nyama tu. Katika sufuria ile mlikuwa na usingizi wa mtu. Mchele alinunua yeye. Usingizi je, aliununua kwa nani? Lau mtu angechinja mbuzi wa jirani bila ya idhini akawalisha wageni, sote tungesema amekula haramu na amelisha haramu. Kazi ya mtu ni mali yake, na akiitoa kwa ridhaa ni sadaka yake, na imepokewa kwa Bibi Aisha yakuwa mke akitoa chakula cha nyumbani kwa wema ana ujira wake, na mume ana wake, wala ujira wa mmoja haumpunguzii mwenziwe. Ni fungu zuri kwa wote wawili. Ila fungu la mke limesimama juu ya ridhaa. Iliyokuwa sadaka miaka kumi haigeuki kuwa kodi mwaka wa kumi na moja kwa kuwa tu mpokeaji ameizoea. Mtu aliyekupa maji kila siku hakuwa mtumwa wako kwa wingi wa vikombe.

Wala tusidhani kuwa Idi ikiingia kazi imekwisha. Kwa mume Ramadhani hukoma mwezi uandamapo. Mke huupokea mwezi ule akiwa kati ya visheti na mchele wa pilau na nguo za watoto, na asubuhi, wakati mume amevaa kanzu yenda kuswali, aghalabu ya wake zetu huisikia takbira kwa mbali huku wakikoroga. Na Mtume ameamrisha wanawake watolewe waende kwenye Idi, mpaka wasichana wa ndani, mpaka walio katika hedhi washuhudie kheri na dua ijapokuwa hawaswali. Twaifuata sunna ya kula, twaiacha hiyo. Kisha ikipita Idi, mume hunuia sita za Shawwali, na ni jambo jema. Lakini sita zake ni daku sita na futari sita, na nani aamkaye? Naye mke ana deni la siku zake zilizompita kwa udhuru wa kike, siku sita au saba, na hizo ni fardhi, nazo atazilipa peke yake, bila ya mwezi, bila ya wenzi, huku watoto wala mchana mbele yake. Bibi Aisha aliziakhirisha zake mpaka Shaabani kwa sababu ya shughuli zake kwa Mtume, na ruhusa hiyo ni rehema. Basi ni ajabu mume afunge sunna kwa kuamshiwa na mtu ambaye fardhi yake mwenyewe imekosa nafasi.

Hapo ndipo tuonapo kosa lililomo katika lugha ya ndugu yetu aliposema "mke hana likizo". Likizo hutolewa na mwenye kazi kwa mwajiriwa wake. Mke si mwajiriwa, hana mshahara wala mkataba wa jiko. Basi neno la likizo halimuingii, si kwa kunyimwa wala kwa kupewa. Na hata wale waume wema wasemao kwa fahari, "nimempa mke wangu mapumziko", wajitazame: mtu hutoa kilicho chake. Wakati wa mke haukuwa wao hata wautoe. Walilolifanya ni kuacha kuuchukua, na hilo ni jema, ila halina haja ya kutangazwa barazani.

Ama akina mama wenyewe, nao tuna neno nao, na waume wawafikishie kwa upole. Wako wengi ambao hata wakiambiwa kaa, hawakai. Mmoja huona kuwa akikaa nyumba itaanguka, mwingine huona haya ya majirani, mwingine amefundishwa na somo wake tangu ungwali kuwa mwanamke mwema haonekani ameketi. Kwa hawa twakumbusha khabari ya Salman alipomzuru Abu Dardai, akamkuta ajichosha kwa ibada mchana na usiku hata mkewe ameachwa katika hali dhaifu. Salman alimzuia, akamwambia kuwa Mola ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani wana haki, ampe kila mwenye haki haki yake. Na Mtume akamsadikisha Salman. Ikiwa swala ya usiku haikuachiwa ile haki ya mwili, seuze kukanda maandazi! Mwili ni amana, na aliyepewa amana hana hiari ya kuiharibu kwa kuwa yeye mwenyewe ameridhika. Lakini twaongeza kwa insafu: mama hakatai kuketi kwa ujinga. Ajua kuwa akilala saa mbili, vyombo vya saa mbili vitamngoja. Mapumziko ya namna hiyo ni mkopo, hulipwa jioni pamoja na riba. Mwenye kutaka mamaake watoto apumzike asimwambie "pumzika" na kuondoka; na aiondoe kazi kwanza.

Na aiondoe vipi? Hapa wengi hukimbilia njia moja, kuleta msichana kutoka kijijini, mtoto wa miaka kumi na minne, akalala jikoni, akaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, kwa ujira mdogo au kwa chakula tu. Huko ni kuurejesha ule mzigo wa zamani juu ya kichwa cha mnyonge mwingine, tena mwenye mama yake naye. Mtume amesema juu ya watumishi kuwa ni ndugu zetu, wale tulacho, wavae tuvaacho, wala tusiwakalifishe wasiyoyaweza, na tukiwakalifisha basi tuwasaidie. Mwenye kuweza kuajiri mtu mzima kwa ujira wa haki na siku zake za kupumzika, na aajiri. Asiyeweza, ana mikono. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani mwake, na ikifika swala hutoka. Hakuwa nabii pungufu kwa hilo.

Basi twamjibu ndugu yetu. Mke wako ana haki kuomba, na kuomba kwake ni adabu yake njema, maana lile aliloliomba kwa ruhusa, yaani kupumzika jikoni, lingeweza kufanyika bila ya ruhusa. Safari ni jambo jingine. Si safari ya fardhi, basi yataka idhini yako na yataka mahram, na mahram yupo, kakaake. Waweza kukataa katika hukumu, wala hatusemi huwezi. Ila tazama ulilo nalo la kukatalia. Kama ni khofu ya njia au udhuru wa kweli wa watoto, mueleze, na siku zake kumi zibaki pale pale nyumbani, wewe ukipika. Kama ni kwa sababu huna wa kukupikia, basi umezuia ruhusa iliyo yako ili upate kazi isiyo yako, na Mwenyezi Mungu ametuamrisha kukaa nao kwa wema. Rai yetu ni umpe nauli ya kwenda na kurudi, na cha kumchukulia mamaake, na umwambie asihesabu siku kumi kwa vidole.

Wageni wako hawatakufa. Madereva wa malori ni watu wajuao kupika kuliko sisi sote. Hupika chini ya magari yao ugali na dagaa wakala vizuri. Wakija, waambie ukweli, mama amekwenda kwao kupumzika, na uwape sufuria, unga na mkaa. Ramadhani ijayo panga nao mapema: kila mtu na jioni yake ya zamu, na nazi waikune wenyewe, kwa kuwa ndio wanaoipandisha kutoka pwani. Na watoto wako wakubwa, wa kiume na wa kike, waoshe vyombo pamoja.

Umebakia na suali la matumizi. Haifai kumpunguzia hata kibaba kimoja, si akiwa Tunduma bila ya kupika, wala si akiwa Tanga kwa idhini yako katika siku zile. Usichukue tofauti ya wanavyuoni katika safari ya mke kwa haja yake mwenyewe ukaifanya pazia, maana wewe ndiwe uliyemchosha na wewe ndiwe uliyemruhusu. Mpelekee kwa simu. Na zile siku zake sita au saba za kulipa, akitaka azilipe huko huko kwa mamaake, ambako yuko mtu wa kumuamsha daku.

Wallahu aalam.